Sauti Ikikwaruza Wiki Tatu, Hiyo Si Kazi Tena

Kuna kitu tunafanya hapa Kawangware bila hata kujua tunaifanya: tunaheshimu sauti iliyokwaruza. Konda wa 46 akiongea kama mtu aliyemeza changarawe, tunasema huyo ni mkongwe wa barabara. Mhubiri wa pale sokoni akifika Jumatatu bila sauti, tunasema ibada ilikuwa moto. Muuza mtumba, MC wa ruracio, kocha wa timu ya mtaa, wote wanapata salamu ya heshima kwa sababu sauti imeisha na kazi imeonekana. Hata sisi wa kutengeneza video, ukirekodi koo likiwa limekauka watu wanakuandikia, "Manze, unachapa kazi."

Mimi nasema hiyo heshima tuipunguze. Sauti ikikwaruza siku tano baada ya mechi, sawa, hiyo ni kelele zako. Ikikwaruza wiki mbili na una homa na mafua, sawa pia, subiri ipite. Lakini ikivuka wiki tatu na haina mpango wa kurudi, hiyo si kazi tena. Hiyo ni dalili, na kuna ugonjwa mmoja ambao unapenda sana tukiendelea kuiita kazi.

Ugonjwa wenyewe ni kansa ya zoloto. Zoloto ni ile kitu ngumu mbele ya shingo inayopanda na kushuka ukimeza mate. Ndani yake ndiko kuna nyuzi za sauti. Mtaani tunasema tu "kansa ya koo", na hapo ndipo tunaanza kuchanganya mambo, kwa sababu kansa ya koo inayotajwa sana Kenya ni ile ya umio, yaani njia ya chakula. Hiyo inamfanya mtu ashindwe kumeza. Hii ninayoongelea iko kwenye njia ya hewa na sauti. Ni majirani, lakini si nyumba moja.

Tena si ugonjwa wa kila mtu, nisikutishe bure. Mwaka 2022 dunia nzima ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa kansa ya zoloto karibu 189,000, ndani ya wagonjwa wapya karibu milioni 20 wa kansa zote. Hiyo haifiki hata mmoja kwa mia. Mwaka huohuo waliokufa nayo walikadiriwa kuwa karibu 103,000. Hapa Kenya, kansa zote zikijumlishwa, makadirio ya mwaka huo yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000. Kwa hivyo hii ya zoloto ni ndogo ukilinganisha na ya matiti, ya mlango wa kizazi au ya tezi dume. Ndiyo maana haina kampeni, haina utepe wake, na hakuna mtu anakimbia mbio za kilomita kumi kwa ajili yake.

Lakini sikiza hii sehemu, kwa sababu ndiyo inanifanya niandike.

Kansa nyingi hunyamaza. Zinakaa ndani zikikua, na siku unazisikia zimeshahama kwenda ini au mapafu. Kansa ikianzia kwenye nyuzi za sauti haiwezi kunyamaza. Nyuzi zile ni nyembamba na zinagusana kila ukitoa neno. Uvimbe mdogo tu ukikaa pale, zinashindwa kufunga vizuri, na sauti inabadilika siku hizohizo. Ni kama mwizi aliyeingia kwa nyumba akakanyaga sufuria. Kelele imepigwa, jirani mzima amesikia. Halafu sisi tunageuka upande wa pili na kusema, "Ni paka."

Ikigunduliwa mapema, ikiwa bado ndogo na iko kwenye nyuzi peke yake, zaidi ya watu wanane kati ya kumi wanapona. Wanatibiwa kwa mionzi, au kwa operesheni ndogo inayopitia mdomoni, na mara nyingi wanabaki na sauti yao. Ikichelewa, hesabu inageuka kabisa. Kwa hiyo tunaongelea ugonjwa adimu, unaojitangaza wenyewe, unaotibika ukishikwa mapema, na bado unatunyang'anya watu. Hapo lawama si ya kansa peke yake.

Wacha niwaambie vile inaenda mtaani. Kuna konda mmoja ninayemjua, jina lake si la kuwekwa hapa, ana miaka arobaini na kitu. Alifanya kazi ya matatu tangu mimi niko shule ya msingi. Sauti yake ilianza kukatika, na kila mtu akaona ni kawaida, kwa sababu konda asiyekwaruza ni konda wa jana. Akaenda duka la dawa, akapewa peremende za koo. Wiki mbili baadaye akarudi, akapewa antibiotiki. Akarudi tena, akapewa antibiotiki nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Nyumbani kuna tangawizi, asali na ndimu. Akaenda kliniki moja, akaambiwa ni asidi ya tumbo inapanda. Kwingine wakashuku TB, wakapima makohozi, TB haikuonekana, na hapo ndipo safari ikaishia. Hakuna aliyemwambia, "Kama si TB, basi ni nini? Hebu tuangalie ndani."

Miezi ikapita. Akaanza kupumua na mluzi usiku, mpaka mke wake akawa anaamka kumwangalia. Siku aliyofika hospitali kubwa hakuwa amekuja kupimwa. Alikuwa amekuja kutobolewa shingo haraka ili apate hewa. Baadaye zoloto yote ikatolewa.

Yuko hai, na hilo nashukuru. Anapumua kupitia tundu lililo chini ya shingo, na hana sauti. Steji wamempa kazi ya kupanga magari. Anaongoza kwa mikono na kwa kupiga bodi ya gari, na abiria wageni wanamwona ni mtu mwenye dharau kwa sababu hajibu salamu. Akitaka kuniambia jambo refu anaandika kwenye simu na kunionyesha. Aliwahi kuniandikia hivi: "Nilipimwa kila kitu. Koo hakuna aliyeliangalia."

Hapo ndipo hasira yangu iko. Kuangalia ndani ya zoloto si sayansi ya kwenda mwezini. Aliyefanya watu waanze kuiangalia hakuwa hata daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania aitwaye Manuel García. Mwaka 1854 alitumia vioo viwili na mwanga wa jua, akaona nyuzi zake mwenyewe zikicheza. Yaani msee alikuwa anataka kujua sauti inatoka wapi, kama vile sisi tunavyojirekodi. Siku hizi daktari wa masikio, pua na koo anapitisha mrija mwembamba wenye kamera puani. Umekaa kwa kiti, uko macho, unaambiwa sema "iii", na dakika chache imeisha. Haipendezi, utatokwa na machozi kidogo, lakini hakuna kulazwa wala kukatwa.

Akiona kitu kisichoeleweka, hatua ya pili ni kukulaza usingizi na kukata kinyama kidogo kipelekwe maabara. Halafu skani ya shingo na kifua kuona imefika wapi. Mpangilio wenyewe ni huo: kuangalia, kukata kinyama, kupiga skani. Bila hizo hatua mtu yeyote anayekuambia "ni asidi tu" kwa mwezi wa tatu anabahatisha.

Na kile kinyama kina maana kubwa kuliko tunavyodhani. Zaidi ya asilimia 90 ya kansa za zoloto zinaanzia kwenye utando wa ndani, ule unaopigwa na moshi na pombe kila siku. Lakini ndani ya huu uadimu kuna uadimu mwingine. Wachache sana wanapata kansa inayoanzia kwenye gegedu lenyewe, mifupa laini inayoshikilia zoloto. Hiyo inakua polepole, mionzi haiiwezi sana, na tiba yake kuu ni kisu. Maana yake ni kwamba watu wawili wanaweza kuingia wakiwa na sauti ileile ya kukwaruza, na tiba ya mmoja isimfae mwingine. Anayeweza kuwatofautisha ni mtaalamu wa maabara mwenye darubini. Jirani aliyepona kwa majani fulani hawezi, hata kama nia yake ni njema.

Na hata maabara inaweza kukosa. Historia ina kesi moja maarufu sana. Mwaka 1887 mrithi wa kiti cha ufalme wa Ujerumani, Friedrich, alianza kupoteza sauti. Madaktari wa Kijerumani walishuku kansa na walikuwa tayari kumpasua. Akaitwa bingwa kutoka Uingereza, Morell Mackenzie, akasema kwanza tukate kinyama. Kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, mtu aliyekuwa anaheshimiwa kuliko wote katika kazi hiyo. Virchow hakuona kansa kwenye vipande alivyoletewa. Operesheni ikaahirishwa, lakini sauti haikurudi. Februari 1888 wakamtoboa shingo apate hewa. Tarehe 9 Machi akawa mfalme, akitawala kwa kuandika kwenye karatasi kwa sababu hawezi kuongea. Tarehe 15 Juni akafa. Alikaa kwa kiti siku 99. Aliyemfuata ni mwanawe Wilhelm wa Pili, yule ambaye serikali yake ilikuja kutawala Tanganyika.

Ninachotoa hapo ni kimoja. Majibu ya maabara yakiwa mazuri na dalili zikizidi kuwa mbaya, rudi. Kipande kilichokatwa kinaweza kuwa kimetoka pembeni ya shida. Kama mfalme mwenye madaktari wa nchi mbili alipitwa na hili, wewe ukiambiwa "hakuna kitu" na bado huongei, una haki ya kuuliza tena bila kuona aibu.

Sasa, mtu ataniambia: wewe ni kijana, unaandikia vijana, hii kansa inawapata wazee. Ni kweli. Wengi ni wanaume, na wengi wamevuka miaka 50. Wanaovuta sigara ndio wako mstari wa mbele, na wanaovuta na kunywa pombe kali kwa pamoja wako hatarini zaidi, kwa sababu hizo mbili zikikutana kila moja inaiongezea nyingine nguvu. Lakini fikiria nani kwa nyumba ana simu yenye bando. Nani anajua kufungua akaunti ya SHA ya mzee? Nani anasindikiza mama hospitali akisema hajui kuongea na daktari? Ni wewe. Mzee wako hataisoma hii makala. Wewe ndiye sikio lake.

Na una kipimo mfukoni ambacho mabibi zetu hawakuwa nacho. Fungua WhatsApp, nenda kwa jina la mzee, panda juu mpaka ujumbe wa sauti aliotuma Krismasi. Usikize. Halafu usikize wa wiki iliyopita. Sisi tunaoishi na mtu hatusikii akibadilika, kwa sababu inabadilika kidogokidogo. Ukiweka hizo mbili pamoja tofauti inakurukia. Huo si uchunguzi wa daktari, lakini ni sababu tosha ya kumwambia, "Mzee, Jumatatu tunaenda."

Angalia pia hizi nyingine: maumivu ya sikio moja yasiyoeleweka, kumeza kwa shida au kwa uchungu, uvimbe shingoni, kukohoa damu, kupungua uzito bila sababu. Mluzi wakati wa kupumua usisubiri wiki tatu wala siku tatu. Hiyo ni dharura ya usiku huohuo.

Kuhusu sigara siwezi kujifanya mhubiri. Nasema tu hivi: shisha ilipigwa marufuku Kenya mwishoni mwa 2017, na bado kila mtu anajua mahali pa kuipata. Sigara moja moja kwa kibanda zinauzwa kama peremende. Ukianza na miaka 17, ukifika 47 una miaka thelathini ya moshi kwenye nyuzi ambazo unene wake ni milimita chache tu. Ukiacha leo hatari inaanza kushuka, na inaendelea kushuka kila mwaka. Lakini pia nisikie mtu akimwambia mgonjwa "ulijitakia" tutakosana. Kuna wanaoipata na hawajawahi kushika sigara. Na hata aliyevuta hakustahili kupewa peremende za koo kwa nusu mwaka.

Tuje kwa pesa, kwa sababu Kawangware mazungumzo yoyote ya hospitali yanaishia hapo.

SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Aliye na payslip anakatwa asilimia 2.75. Sisi wa jua kali tunapimwa hali yetu, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ila inalipwa ya mwaka mzima, yaani 3,600. Ilipoanza, kifurushi cha kansa kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka: 400,000 kutoka mfuko wa kawaida, halafu 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura. Najua hasira zenu kuhusu SHA, nyingi ni zangu pia. Lakini mtu asiyejisajili akipatikana na kansa anaanza kujisajili akiwa kwa foleni ya mionzi, na hiyo ni kuanza kushona neti mbu wakishaingia. Jisajili ukiwa mzima, na usajili wazee.

Halafu kuna gharama ambayo hakuna kadi inalipa. Mionzi ya zoloto ni siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba. Hiyo ni mara 30 hadi 35. Zamani hospitali ya serikali yenye mashine ya mionzi ilikuwa moja tu nchi nzima, Kenyatta. Sasa kuna ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, na vituo kama Nakuru, Garissa na Mombasa. Sisi wa Kawangware na Kibera tuna bahati ya jiografia, Kenyatta iko hapa tu. Lakini piga hesabu. Ukipangiwa Kahawa, tuseme nauli ni 200 kwenda na 200 kurudi, mara 35 ni shilingi 14,000. Hujala, na hizo siku 35 hujafanya kibarua. Kuruka siku za mionzi kunaharibu tiba, na mtu hazifuti kwa kupenda. Anazifuta kwa sababu mfuko umekauka.

Na hapa nataka tuambiane ukweli. Sisi watu wa mtaa tunajua kuchanga. Tukifiwa, kwa siku tatu tuna kamati, mweka hazina, namba ya M-Pesa, tenti na basi la kwenda ushago. Tunachanga vizuri sana tukiwa tunazika. Mtu akiwa bado anatembea na anahitaji nauli ya wiki saba, tunamwambia "Mungu atafanya njia." Ile njia ni sisi. Kikundi kimoja cha WhatsApp cha watu 70, kila mtu akitoa 200, hiyo 14,000 imepatikana. Hakuna bango, hakuna mgeni wa heshima. Tuhamishe mchango kutoka kwa jeneza uende kwa nauli.

Julai 2019 nchi hii ilipoteza watu wakubwa mfululizo kwa sababu ya kansa. Bob Collymore wa Safaricom tarehe 1. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, tarehe 26. Gavana Joyce Laboso wa Bomet tarehe 29. Kila mmoja na kansa yake, hakuna aliyekuwa na hii ya zoloto. Lakini Okoth alikuwa mtoto wa Kibera, na alisema hadharani kwamba yake iligunduliwa ikiwa tayari imefika hatua ya nne. Wakati huo tulilia, tukaweka picha kwenye status, viongozi wakasema kansa itangazwe janga la kitaifa. Neno "janga" halimsaidii mtu aliye duka la dawa kwa mara ya tatu. Kinachomsaidia ni sheria ndogo inayofuatwa.

Kwa hiyo mimi naomba mambo matatu, na nayaomba kwa majina yake.

La kwanza, kanuni ya wiki tatu kwenye kila kituo cha afya cha Nairobi, kuanzia hapa kwetu. Mtu akifika na sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu bila sababu inayoeleweka, tabibu amwandikie rufaa ya daktari wa koo siku hiyo. Akitaka kupima TB apime, ni sawa kabisa, TB ya zoloto ipo na mtaani kwetu TB si hadithi. Lakini rufaa isisubiri mtu azunguke duara nzima. Si ndoto za mchana hizi. Uingereza, mtu wa miaka 45 kwenda juu mwenye sauti iliyokwaruza bila sababu na haiponi anapelekwa kwa bingwa haraka. Marekani, mwongozo wa madaktari wa koo wa 2018 unasema ikipita wiki nne bila kupona, zoloto iangaliwe, na kama kuna dalili za kutisha hata hizo wiki nne zisingojewe.

Najua jibu: "Tutajaza foleni ya Kenyatta na watu waliopiga kelele kwa mechi." Hapana. Waliopiga kelele kwa mechi wanapona ndani ya siku chache, na wa mafua wiki mbili wameongea. Kanuni ya wiki tatu inawachuja hao wote kabla hawajafika. Watakaobaki ni wachache, na wengi wao watakutwa na vinundu au asidi ya kweli. Vizuri, watatibiwa hivyo. Foleni inayojazwa na watu wanaopumua wenyewe ni nafuu kuliko chumba cha dharura.

La pili, maduka ya dawa. Tusijidanganye, daktari wa kwanza wa Kawangware ni yule wa duka la dawa. Yuko karibu, anafungua mpaka usiku, hadai kadi. Basi apewe kazi rasmi. Mtu akirudi mara ya pili kwa sauti ileile, asiuziwe antibiotiki ya pili. Apewe karatasi yenye jina la kituo cha kwenda. Msee wa duka la dawa anaweza kuokoa maisha kwa kukataa kuuza kitu. Ni ngumu, najua, yuko kwa biashara. Ndiyo maana nataka iwe kanuni, isiwe wema wa mtu mmoja.

La tatu, sauti ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba. Zoloto ya kwanza kutolewa yote kwa ajili ya kansa ilitolewa Vienna na Theodor Billroth, tarehe 31 Desemba 1873. Msaidizi wake, Carl Gussenbauer, akamtengenezea mgonjwa kifaa cha kumrudishia sauti. Yaani tangu mgonjwa wa kwanza kabisa, madaktari walijua kwamba ukimtoa mtu sauti bado hujamaliza kazi. Mwaka 1991 utafiti wa hospitali za maveterani Marekani, wenye wagonjwa 332 wa hatua za mbele, ulionyesha kwamba kuanza na kemo halafu mionzi kuliwaacha karibu wawili kati ya watatu na zoloto zao, bila kupunguza idadi ya walioishi. Wasiokuwa na budi ila kukatwa wana njia tatu: kujifunza kuongea kwa hewa ya umio, mashine ndogo inayotetemeka ukiishika shingoni, au kifaa kidogo kinachopachikwa kati ya njia ya hewa na umio, ambacho lazima kibadilishwe kila baada ya miezi kadhaa.

Hizo zote zinahitaji pesa, mwalimu wa matamshi na kurudi kliniki. Ninachotaka ni SHA iandike wazi, kwa jina, kwamba kifaa, kubadilishwa kwake na masomo ya kuongea ni tiba, sio anasa. Ukiokoa maisha ya konda, mhubiri au mama mboga halafu ukamwacha bila sauti, umemwokoa halafu ukamfuta kazi. Tena hapa kwetu kuna vumbi la Naivasha Road na moshi wa jiko la makaa, na vyote vinaingia moja kwa moja kwa lile tundu la shingo. Anahitaji kitambaa cha kufunika, mvuke, na maji safi ya kusafishia. Anahitaji kuoga bila maji kuingia tunduni, na kwa bafu za nje za ploti hiyo ni kazi ya uangalifu. Hivyo vitu vidogo ndivyo vinaamua kama ataishi vizuri.

Sisi wa mtaa pia tuna sehemu yetu. Ukikutana na mtu mwenye tundu shingoni usikodoe macho, na usiongee kwa sauti kubwa kama yeye ni kiziwi. Anasikia vizuri. Mpe muda aandike, au ajibu kwa mikono. Na akizimia, kumbuka hewa yake inaingia shingoni, sio mdomoni. Mtu akimziba lile tundu akidhani anamsaidia, anamuua.

Sina cheo, sina shahada ya udaktari, nina simu na tripodi iliyovunjika mguu. Lakini nina sikio, na wewe unalo. Leo usiku mpigie mzee, shangazi, au yule konda anayekubebea bila kukudai ukikosa nauli. Muulize hiyo sauti imekuwa hivyo tangu lini. Akisema ni ya juzi, cheka naye na umwambie anywe maji. Akianza kuhesabu miezi, kesho asubuhi mpelekeni akaangaliwe koo. Nauli tutachanga.